Ijumaa Uliyonyamaza Usingizini

Baba,

Shikamoo.

Nimeliandika neno hilo nikaweka kalamu chini, nikajikuta nasubiri uitikie kutoka chumbani, "Marahaba mwanangu, treni imechelewa tena?" Nimelia kidogo. Sasa nimefuta uso, naendelea.

Nipo nyumbani Ng'ambo, nimekaa kibarazani. Mama yuko uani anaanika michembe ya viazi na kufukuza kuku wa jirani. Mdogo wangu Idrisa ameondoka asubuhi na Fuso kwenda Igunga kubeba mchele. Ameendesha mwenyewe, Baba. Mama amemsindikiza hadi mlangoni mwa gari, amemwombea dua, kisha amerudi ndani bila kulia. Wewe huwezi kujua kwa nini jambo hilo ni kubwa kiasi cha kumfanya binti yako akae chini aandike. Mengi yametokea tangu tulipokuzika, na mengine yamenifanya nikujue upya, nawe hupo tena wa kuambiwa.

Nianze na kukoroma kwako.

Mtaa mzima ulikujua kwa hilo. Watoto walikuita Mzee Treni, nawe ulikuwa ukiitika. Mgeni akilala sebuleni kwetu, asubuhi hatukumuuliza ameamkaje, tulimuuliza kama alipata usingizi hata kidogo. Mama alikuwa akisimulia kwamba mwanzo wa ndoa yenu alikaa macho akikusikiliza kwa hofu, halafu akazoea, akazoea mpaka akienda kwa ndugu zake Urambo usingizi haumjii kwa sababu ya ukimya. Tulicheka sana kwa hadithi hiyo.

Nakumbuka mimi na Idrisa tukiwa wadogo, mchana wa likizo, wewe umejilaza chali mkekani baada ya chakula. Unakoroma, unakoroma, halafu kimya. Hakuna kinachotoka, hakuna kinachoingia. Nasi tunabana pumzi zetu kushindana nawe, mashavu yamevimba, hadi kifua chako kishtuke na utoe ile sauti ya mtu aliyevutwa kutoka majini. Hapo tunaachia pumzi na kuangua kicheko. Wewe unafumbua jicho moja: "Nyie watoto, mbona hamlali?" Unageuka, unaendelea. Kila mara ulitushinda, Baba. Kila mara.

Dukani kwako sokoni ilikuwa vilevile. Mguu uko kwenye pedeli, kanzu ya watu iko chini ya sindano, kichwa kinashuka taratibu mpaka kidevu kinagusa kifua. Wateja walikuwa wanangoja uamke kama wanavyongoja mvua ipite. Mmoja alikuambia kola ya kanzu yake imepinda kama njia ya porini, ukamjibu, "Hiyo nimeishona nikiwa ndotoni, ndiyo maana nimekupunguzia bei." Watu wakacheka, na wewe ukacheka kuliko wote. Siku sindano ilipokupita kidoleni ulisema ni taa ya duka haina nguvu. Ulisinzia kwenye hotuba ya Ijumaa, ukasinzia kwenye harusi yangu, ukasinzia kwenye kikao cha kuozesha ambacho wewe ndiye uliyekiitisha.

Na kila asubuhi kichwa kilikuuma. Nakuona ukikaa ukingoni mwa kitanda, umeshika paji la uso kwa viganja vyote viwili, mdomo umekauka, unamwomba Mama chai ya rangi na dawa ya maumivu. "Sijui ninalala vipi mimi," ulikuwa ukisema. "Naamka nimechoka kuliko nilivyolala." Ulilisema mbele yetu sote. Tulilisikia kama mtu anavyosikia salamu.

Baba mdogo Hamisi ndiye pekee aliyeona kuna tatizo, lakini yeye alisema ni jinamizi. Kuna kitu kinakukaa kifuani, alisema, kinakukaba. Akakupeleka kwa shehe ukasomewa, ukaletewa maji ya kuoga na hirizi ya kuweka chini ya mto. Sisemi neno baya juu ya dua, ninayo mdomoni kila siku. Nasema tu kwamba hakuna aliyewaza kwamba mbali na kukusomea, tungeweza pia kukupeleka hospitali kwa sababu ya kukoroma. Nani anampeleka mtu hospitali kwa sababu anakoroma?

Nisimulie ile Ijumaa, ingawa ni yako.

Ulirudi kutoka msikitini, ukala wali na mchuzi wa uyoga uliousifia, ukasema jua la leo lina hasira, unajinyoosha kidogo. Ukalala chali. Mama alikuwa uani na Mama Chausiku, jirani yetu, wanabangua karanga. Walikusikia ukikoroma kupitia dirishani hadi wakawa wanapaza sauti ili wasikilizane. Kisha ukanyamaza. Mama aliinua uso, akatega sikio, akamwambia mwenzake, "Afadhali. Leo mume wangu amelala." Wakateremsha sauti zao wasikusumbue. Mama alimkaripia hata mtoto aliyepita na tairi akipiga kelele. Alikulindia usingizi wako mpaka adhana ya alasiri, alipoingia kukuamsha ukaswali.

Hayo aliniambia mwenyewe, baadaye sana. Siku ile nilipopigiwa simu kule Goweko ninakofundisha, nilikuwa bado darasani, na nilichosikia ni sauti ya Idrisa tu ikisema, "Dada, njoo." Hospitali walisema ni moyo. Ulikuwa na presha, tulilijua hilo, tukakubali. Watu wakasema umepata kifo kizuri, umekufa usingizini, siku ya Ijumaa, hukuteseka. Nilimjibu kila mtu amina. Nilitaka sana iwe kweli.

Sasa nikuambie mambo yalivyobadilika.

Mama alikaa eda yake kimya. Alipotoka, tukadhani atarudi kuwa yule Mama wetu, lakini aliacha kulala. Siyo hivyo tu, aliacha kuvumilia mtu mwingine alale kimya. Nikija na binti yangu Asha, mtoto akisinzia mkekani mchana, Mama anamtikisa bega. "Bibi, nimelala," mtoto analalamika. "Najua," Mama anajibu, "nilitaka nikusikie." Idrisa pekee ndiye aliyelala bila kuguswa, kwa sababu yeye ana sauti. Ndiyo, Baba. Mwanao amerithi duka lako la kelele pamoja na shingo yako nene. Mama alikuwa akija kukaa karibu na dirisha lake mchana anaposubiri zamu ya gari, anamsikiliza akikoroma, uso wake unatulia. Ilimfariji. Na mimi nilifurahi kuona anafarijika.

Kisha ikaja ajali.

Idrisa alikuwa anatoka Igunga na mzigo wa mchele, mchana kweupe, utingo wake Juma kando yake. Hakuwa amelewa, unajua hajawahi kugusa pombe. Alikuwa amelala vizuri usiku uliopita, au ndivyo alivyodhani. Kabla ya kufika Nzega, Juma akaona gari linahama barabara taratibu, akageuka, akamkuta suka ameshika usukani kwa mikono miwili na macho yamefumba. Alipiga kelele. Idrisa alizinduka tairi za kushoto zimeshaingia kwenye majaruba ya mpunga. Fuso ikalala ubavu. Juma alivunjika mkono, Idrisa akachanika kichwa. Wavunaji wa shamba lile walikuwa wameketi pembeni kivulini wanakula. Miundu yao na kanga moja iliyotandikwa chini vilikutwa chini ya magunia. Idrisa hasimulii habari ya kanga ile. Akifika hapo anatoka nje.

Watu walisema usingizi ni wa kila dereva, apumzike, anywe kahawa. Tajiri wa gari alidhani ni bangi. Baba mdogo Hamisi akasema lile jinamizi lako limemhamia mwanao, twende kulekule tulikokupeleka wewe.

Aliyetuokoa ni Mariamu, mke wa Idrisa. Yeye kwa muda mrefu alikuwa ameshahamia chumba cha watoto. Si kwa ugomvi, bali ili aweze kuamka asubuhi kwenda kuuza vitambaa vyake. Baada ya ajali alirudi kulala na mumewe kwa sababu ya kidonda cha kichwani, na hapo akasikiliza kwa mara ya kwanza bila kuziba masikio. Akachukua simu, akarekodi. Nilipokuja mwisho wa juma alinivuta jikoni. "Wifi," aliniambia, "hebu sikiliza hii. Mimi nilikuwa naona kero ni kelele. Kumbe kelele siyo shida. Sikiliza zinapokatika."

Alibonyeza. Nikasikia kukoroma. Kisha kimya. Kimya kile kikaenda, kikaenda, mkono wangu ukapanda shingoni wenyewe. Ndipo ile pumzi ya kuvutwa majini. Nilijua ile sauti kabla sijaijua, Baba. Nilikuwa nimewahi kucheka nayo.

Hatukumwona Mama amesimama mlangoni. Alikuwa na ungo mkononi. Alituangalia mmoja mmoja, akasema, "Nani alimrekodi baba yenu? Mnayo siku zote hizi na hamkunipa nimsikie?"

Mariamu alikwenda kumshika. "Mama, huyu siyo Baba. Ni Idrisa. Ni juzi."

Mama alikaa chini palepale kizingitini. Akaomba arudiwe. Tukamrudishia. Alipofika kwenye ule ukimya alifumba macho, akawa anasubiri na mwili wake wote, na pumzi iliporudi akapiga goti kwa kiganja. Ndipo alipotusimulia ile Ijumaa, karanga, na yale maneno yake, "Afadhali, leo mume wangu amelala." Alikuwa hajamwambia mtu. Aliyabeba eda nzima. Alipomaliza akainuka, akafunga kanga kiunoni, akaenda moja kwa moja chumbani kwa Idrisa. Tulimsikia: "Vaa viatu. Nimemzika mmoja nikidhani amepumzika. Wa pili simziki."

Idrisa hakutaka. Alisema kukoroma ni jambo la wanaume, na madereva wenzake wakisikia amekwenda hospitali kwa sababu ya kukoroma watamwimbia kijiweni mpaka azeeke. Mama hakujibizana naye. Alisimama tu, viatu vya mwanawe mkononi, mpaka akavivaa.

Daktari aliyetupokea alikuwa dada mpole, mwenye kusikiliza. Hakucheka. Alisikiliza simu ya Mariamu hadi mwisho, akauliza maswali: Unaamka kichwa kinauma? Mdomo mkavu? Unainuka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo? Unasinzia ukiwa umekaa, ukiwa unaongea, ukiwa unaendesha? Idrisa alikuwa akijibu ndiyo, ndiyo, na kila ndiyo yake mimi nilikuwa nakuona wewe ukingoni mwa kitanda. Akampima presha, akampima mzunguko wa shingo, akamulika kooni. Kisha akatuonyesha kwa mkono wake. Alikunja vidole vikawa kama bomba. "Mtu akilala, misuli ya koo inalegea," alisema. "Kwa wengine inalegea mpaka njia ya hewa inafungana." Akaufunga mkono polepole. "Kifua kinavuta, hewa haipiti. Ubongo unashtuka, unamwamsha kidogo tu apumue, yeye hajui, analala tena. Inajirudia usiku kucha. Asubuhi anadhani amelala. Hajalala. Na moyo umefanya kazi ya kubeba mizigo usiku mzima."

Alisema si kila anayekoroma ana ugonjwa huo, na si wanene peke yao wanaoupata. Cha kuogopa ni pumzi inayokatika, kushtuka kama mtu aliyepaliwa, na usingizi wa mchana usiokwisha.

Nilimuuliza habari zako. Nilimweleza yote, mpaka kidole na sindano. Akasema, "Siwezi kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa, na sitaki kuwaambia nisichokijua. Lakini mnayoyaeleza yanafanana sana."

Mama akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo siku ile ningemwamsha?"

Daktari alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana. "Mama," alisema, "hukujua, na hakuna aliyekuambia. Mimi ningekuwa jirani yako, na kabla sijayasoma haya, ningesema kama wewe. Ningesema, afadhali, amelala."

Mama alilia hapo, Baba. Alilia vile ambavyo hakulia siku ya mazishi. Idrisa, ambaye alikuwa anaona haya kuwa pale, alikuwa wa kwanza kumkumbatia.

Aliambiwa asishike usukani mpaka atibiwe. Akaandikiwa kwenda Mwanza kupimwa akiwa amelala. Walimfunga nyaya kichwani na kifuani, kidole kimoja kwenye kifaa cha kupima hewa iliyomo kwenye damu, akalala hapo. Asubuhi daktari wa kule alimwambia, "Bwana Idrisa, wewe una miaka mingi hujalala. Umekuwa ukifumba macho tu." Ugonjwa wake ni mkali, wakasema. Anahitaji mashine ya kumsukumia hewa puani kwa barakoa ili koo lisifunge.

Mashine haikupatikana haraka. Huko kungoja ndiko kulikotutisha kuliko vyote, lakini tulipewa mambo ya kufanya. Alale ubavu, asilale chali. Upande wa kichwani wa kitanda uinuliwe. Asinywe dawa yoyote ya usingizi, na mtu asimpe hata kwa huruma. Chakula kizito cha usiku kipungue na mwili upungue. Akaanza kutembea asubuhi hadi kituo cha treni na kurudi. Kuhusu kulala ubavu, wenyewe walimshauri ashoniwe mfuko mgongoni mwa fulana, ndani uwekwe mpira mdogo, akigeukia chali umchome arudi upande. Nani ashone? Tuliifungua cherehani yako. Haikuwa imeguswa. Nilikaa mimi kwenye kiti chako, Mama akasimama nyuma yangu akinielekeza, maana wewe na ushonaji wangu mnajuana. Mfuko ulitoka umepinda. Mama akasema, "Huyu kweli mtoto wa baba yake." Tukacheka, na cherehani yako ikaendelea kulia kwikwi kama zamani.

Kijiweni walimwimbia, kama alivyotabiri. Suka wa mpira mgongoni. Alikuwa anakwenda na gari kama msimamizi wa mzigo, mwingine anaendesha, na anarudi amenuna. Niliogopa ataacha. Hakuacha. Nadhani ni ile kanga.

Mashine ilipofika, ukoo wote ukiwa umechangia, Baba mdogo Hamisi alikuja kuitazama. Akaizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnada. "Mtu mzima analala na bomba puani kama mahututi?" alisema. "Na umeme wa hapa ukikatika je? Si ndiyo mtamuua?" Akaondoka kwa hasira. Siku chache baadaye alirudi na betri kubwa ya sola begani, jasho linamtoka, akauliza namba ya mafundi wa Mwanza waliotoa ile mashine. Akazungumza nao kwa muda mrefu jinsi ya kuiunga isiharibike, akafunga kila kitu mwenyewe, akajaribu na kujaribu tena. Hakusema kitu juu ya jinamizi. Wakati wa kuondoka aliniambia tu, "Kaka yangu nilimpeleka nilikokujua." Nikamwambia, "Tunajua, Baba mdogo." Na ni kweli. Wewe pia unajua.

Mwanzoni Idrisa aliivua barakoa kila mara. Alisema anahisi kama anapuliziwa upepo wa dirisha la basi. Watoto wake wakamwita rubani. Mariamu alimzoesha mchana kwanza, akiwa macho, anasikiliza mpira redioni nayo iko usoni. Kisha siku moja alfajiri alitoka uani wakati Mama anatia maji ya udhu, akasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyesahau alichofuata. Mama akamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Kichwa hakiniumi." Akashika paji la uso. Akasema tena, "Mama, kumbe watu wanaamka hivi?"

Mama alinisimulia hilo kwenye simu, nikakata, nikampigia tena baadaye. Maana niliwaza, Baba, kwamba wewe hukuamka hivyo hata siku moja katika maisha niliyokujua. Ulitushonea nguo za Idi, ulitusomesha, ulitania watu, ulicheka, yote hayo ukiwa mtu ambaye hajalala. Nilikuwa nakuona mzee mchangamfu mwenye usingizi mwingi. Sasa nakuona mtu aliyekuwa amechoka kupita kiasi na hakutunyima kitu. Laiti ningekushukuru kwa hilo ulipokuwa hai. Nakushukuru sasa.

Kwa Mama haikuwa rahisi. Mashine imemnyamazisha Idrisa kabisa, na ukimya ndio uliokuwa adui yake. Mchana mmoja Idrisa alijilaza nayo usoni, Mama akaingia na kigoda akaketi kando ya kitanda. Akatazama kifua kinavyopanda na kushuka. Hakumtikisa. Niliingia na chai nikamkuta hivyo, akanionyesha kwa kidole, bila neno: kinapanda, kinashuka. Nikaiacha chai. Niliporudi kuchukua kikombe, Mama alikuwa ameteremka kwenye mkeka, kanga ameikunja chini ya shavu, amelala. Chai imepoa. Sikumgusa.

Walipompima tena wakamruhusu Idrisa kuendesha. Ana sheria zake sasa. Halali bila mashine hata akiwa safarini, na macho yakiwa mazito anaegesha pembeni, hata kama mzigo unangojwa na nani. Juma, ambaye mkono umepona, amekubali kurudi kuwa utingo wake.

Na Mama! Ungemwona. Msibani, harusini, kwenye foleni ya maji, anamshika mwanamke mkono: "Mumeo anakoroma? Anakatika katikati?" Wengine wanaona aibu, wanasema Bi Zainabu siku hizi anauliza mambo ya chumbani. Yeye hajali. Mzee mmoja wa sokoni, jirani wa duka lako, amekwenda kupimwa kwa sababu yake. Mwingine alikwenda akaambiwa hana kitu, ni mafua sugu tu, akarudi kumlalamikia Mama kwamba amempotezea siku. Mama akamjibu, "Nimefurahi sana."

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Goweko nakaa nyumba moja na Mwalimu Neema, vyumba vinatazamana. Juzi, tukiwa tunasahihisha madaftari, aliniambia kwa upole kwamba nakoroma sana, na kwamba kuna wakati nanyamaza mpaka yeye anakaa kitandani. Nilitaka kucheka. Kisha nikakumbuka nilivyosinzia mbele ya darasa la tano, chaki mkononi, wanafunzi wakanyamaza kwa heshima kama wateja wako. Nikakumbuka vidonge vya kichwa ninavyobeba kwenye mkoba. Mimi ni mwembamba, nilijihesabia salama. Nilimwomba arekodi. Nimesikiliza jana nikiwa kwenye treni, nimeziba sikio lingine kwa kiganja.

Niliogopa kumwambia Mama. Nimemwambia leo, baada ya gari la Idrisa kuondoka. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama nalala chali, akaingia ndani.

Baba, naogopa. Naandika hapa nisilolisema mbele ya Asha. Lakini sina aibu yake Idrisa na sina ule uzito wa kutojua uliokuwa kwako. Nakuahidi kwamba kesho naenda kwa yule daktari, na akinituma Mwanza nitakwenda Mwanza, siahirishi kwa sababu ya mitihani ya watoto wala kwa sababu ya maneno ya ofisini. Nakuahidi Asha hatacheza kubana pumzi na mimi.

Mungu akupe nafasi pana huko uliko, na hewa nyingi. Kwaheri, Baba yangu.

Mama ametoka ndani sasa hivi. Amevaa baibui lake la safari ingawa ni kesho, ameweka mkoba wake mlangoni, na ananiuliza daktari anafungua saa ngapi.

Mwanao,
Saada